Kutuma ilani si kuifikisha

Serikali ikitaka kutwaa shamba la mkulima wa Kiplombe, Eldoret, ijenge barabara, Sheria ya Ardhi ya 2012 huitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi ichapishe ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha ifikishe nakala kwa kila mwenye maslahi.

Hebu tukitazame kitenzi 'fikisha'. Kinatokana na 'fika'. Kiambishi -ish- kinamtwika mhusika jukumu hadi mwisho wa safari. 'Tuma' hakina mzigo huo: barua ikipotea njiani, aliyeituma bado ametuma.

Tangu 2020 sheria zetu za ardhi zinatambua sahihi ya kielektroniki, na mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021, unahamishia shughuli za ardhi mtandaoni. Ni sawa kabisa. Lakini baruapepe ya Kiingereza ikiingia katika simu ya ajuza asiyeielewa, imetumwa tu, haijafika. Naye akibofya 'nakubali' bila kuelewa fidia yake, ametia sahihi isiyo sahihi.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi ilani iandikwe kwa Kiswahili pia, na mzee wa kijiji apige hodi mlangoni.