Mikono ya Kitosani: Jinsi Maganda ya Kamba Yanavyonasa Metali Nzito

Kamba akishaliwa, maganda yake huishia jalalani. Ndani ya maganda hayo mna kitini, polima ya asili ambayo ikishatayarishwa vizuri hunasa risasi, shaba na zebaki zilizoyeyuka majini. Kazi yote iko kwenye matayarisho.

Maganda hulowekwa katika asidi hidrokloriki ili chokaa itoke, kisha katika kostiki soda hafifu ili protini itoke. Kitini iliyobaki hupashwa moto ndani ya kostiki kali, ya asilimia 40 hadi 50, mpaka vikundi vya asetili vibanduke na kuacha vikundi vya amini. Sasa inaitwa kitosani. Naitrojeni ya kila amini ina jozi ya elektroni iliyo huru, na ioni ya metali huja kujishikiza hapo. Kila amini ni mkono.

Kitosani huyeyuka katika siki. Uji wake ukidondoshwa tone kwa tone ndani ya kostiki, kila tone huganda papo hapo likawa shanga nyeupe. Itumbukize shanga katika maji yenye shaba, nayo hugeuka buluu. Buluu hiyo ndiyo shaba iliyoshikwa.

Lakini kilichoyeyuka katika siki kitayeyuka pia katika maji taka yenye asidi. Ndiyo maana minyororo ya kitosani huunganishwa, mara nyingi kwa glutaraldehaidi. Shanga huwa imara, ila glutaraldehaidi hujifunga kwenye amini zilezile tunazozitegemea. Mikono iliyokwisha kushikana haishiki kingine.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia Ohga, Kurauchi na Yanase wa Japani. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 1987, waliishikisha kitosani ioni za shaba au zebaki kwanza, wakaunganisha minyororo amini zikiwa bado zimeshika metali, ndipo wakaiondoa metali. Mkono ulioshika kitu haukamatwi kwa urahisi na kiunganishi, na metali ikitoka huacha nafasi inayolingana nayo.

Anayepima uwezo wa shanga naye awe macho na pH. Maji yakiwa na asidi nyingi, ioni za haidrojeni huwahi kuzikalia amini, na chaji chanya huisukuma metali mbali. Yakikaribia kuwa ya alkali, shaba hutuama yenyewe kama hidroksaidi, na sifa zikaenda kwa shanga isiyostahili. Kwa shaba, kipimo cha haki huangukia karibu na pH 5.

Shanga ikijaa, huoshwa kwa asidi na kutumika tena. Metali haijatoweka: imehamia kwenye asidi hiyo, tena kwa wingi kuliko ilivyokuwa katika kila lita ya maji. Anayejenga chujio bila kupanga asidi hiyo itakwenda wapi ameitoa sumu kisimani na kuimwaga mtaroni.