Kizimba cha Buibui wa Mtini: Hewa Kabla ya Maji

Kwa miaka mingi wafugaji wa tarantula wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiua watoto wa Avicularia kwa huruma. Buibui hawa wa mitini asili yao ni misitu ya joto ya Amerika Kusini, kwa hiyo mtu alichukua chupa, akatandika udongo uliolowa, akakaza kifuniko ili unyevu usitoke, kisha akanyunyiza maji asubuhi na jioni. Buibui akafa. Akanunua mwingine, naye akafa. Vifo hivyo vikazoeleka hata vikapewa jina, utadhani ni maradhi. Walipoanza kutoboa matundu na kupunguza maji, watoto wale wale wakawa wanakua.

Walikuwa wameiga mvua ya msituni, wakausahau upepo wake. Shina la mti hulowa, kisha hukauka kabla ya mvua nyingine kunyesha. Tarantula ana jozi mbili za mapafu upande wa chini wa tumbo, yenye vikunjo vyembamba mfano wa kurasa, na hana misuli ya kuvuta hewa kwa nguvu kama sisi. Anategemea hewa inayomzunguka. Hewa ikisimama, ukungu huota juu ya mabaki ya chakula, na yeye hana pa kukimbilia.

Ndiyo maana mpangilio wa matundu ndio unaoamua mengine yote. Matundu ya kifuniko peke yake hayatoshi. Panga safu moja upande wa mbele, juu kidogo ya udongo, na safu nyingine upande wa nyuma, karibu na dari. Hewa yenye joto na unyevu hupanda na kutokea juu, nayo hewa mpya huingia kwa chini. Mlango wa mbele ukiwa wa kioo, kuta zinazotobolewa ziwe za plastiki ngumu inayokubali keekee. Milimita 3 zinatosha kwa buibui mkubwa. Kwa mtoto, toboa kwa sindano iliyopashwa moto. Panapopita gamba gumu la kifuani, buibui mzima hupita, kwa sababu tumbo lake hujibana. Wavu wa mbu unavutia kwa kuwa uko kila nyumba, lakini kucha za buibui hunasa humo, na meno yake yanaweza kuutafuna. Kabla hujamwingiza, nyunyiza maji jioni na utazame kioo asubuhi. Kikiwa bado na jasho hadi saa sita mchana, rudi kwenye keekee.

Sasa tukilete kizimba hiki Koni, huko Katanga nchini Kongo. Iko kwenye mto Lufira, chini ya Mwadingusha, upande wa Likasi, na wengi wanaijua kwa bwawa lake na mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1950. Mfugaji wa buibui ana mengine ya kuangalia hapo: mvua zinazoanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili, kiangazi kirefu ambacho usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na msitu wa miombo unaopukutisha majani. Buibui wa nchi kama hii amezoea ukame wa karibu nusu mwaka. Ukimtengenezea Amazon ndogo ndani ya sanduku, unamtesa.

Wa kumjengea ni Pterinochilus murinus, aliyepewa jina na R. I. Pocock mwaka 1897, ambaye makazi yake yameenea kutoka Kenya na Tanzania hadi Kongo, Zambia na Angola. Wale wa rangi ya chungwa wa milima ya Usambara ndio waliosambaa katika vizimba vya dunia nzima. Wafugaji hawajaacha kubishana kama ni wa ardhini au wa mtini. Kwa maoni yangu, kizimba ndicho kinachomfanya awe hivi au vile: ukimpa udongo mwingi atachimba, ukimsimamishia gome atapanda na kulifunika kwa hariri toka chini hadi juu. Porini huonekana kwenye mashimo, chini ya mawe na ndani ya miti yenye uwazi. Wa mtini asiyebishaniwa katika Afrika Mashariki ni Encyocratella olivacea wa Tanzania. Embrik Strand alimwandika mwaka 1907, na dume lake likasubiri hadi 2005 Richard Gallon alipolieleza.

Kwa hiyo Koni ningechagua sanduku la kati kwa kati: sentimita 20 kwa 20 chini, kimo 30 au 35, na udongo wa sentimita 8 hadi 10. Udongo wenyewe si jambo la kuchukulia hivi hivi. Ule wa karibu na viwanda vya Shituru, pale Likasi, singeugusa. Shaba ni sumu kwa wadudu wengi wadogo, na sehemu hizo zimepokea vumbi la madini kwa miongo. Uchimbe msituni, mbali na barabara, uchekeche, uukaange kwenye sufuria ya chuma mpaka utoe mvuke, uache upoe.

Gome nalo lipo tele. Ulaya hununua gome la mti wa koki kutoka Ureno. Katika miombo, wafuga nyuki wanajua kuvua gome la mti likatoka bomba zima na kulifanya mzinga, ingawa mti unaovuliwa hivyo hufa. Buibui hahitaji hasara hiyo. Kipande cha tawi lililoanguka lenye uwazi ndani, upana wa sentimita 7 au 8, kinamtosha kuingia na kugeuka. Kianike juani siku kadhaa ili utitiri na sisimizi watoke, kisha kisimamishe kikiwa kimeegemea, ncha ya juu ikaribie dari bila kuigusa. Zungushia ncha hiyo vijiti na majani ya plastiki. Nyuzi zinahitaji pa kushikia, na kazi iliyobaki ataifanya mwenyewe usiku. Kisahani cha maji kikae chini. Kunyunyiza kuwe upande mmoja tu, na Juni hadi Septemba iwe mara chache.

Kosa la hatari zaidi ni mlango wa juu. Buibui wa aina hii hufuma karibu na dari, kwa hiyo kila ukifunua kifuniko unairarua nyumba yake, naye yuko sentimita chache kutoka kidoleni. Tarantula wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo wenzao wengi wa Amerika huzirusha. Wanajilinda kwa meno, na mbio zao hazina mfano. Sumu yao huleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli. Mlango uwe wa mbele, wenye komeo, na koleo refu liwe mkononi kabla hujafungua.

Kuhusu baridi, ushauri wa vitabu vya Ulaya ni zulia la umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiingia usiku, zulia hilo halina kazi. Na likiwekwa chini ya sanduku hukausha udongo na kumpika buibui anayekimbilia chini kutafuta ubaridi. Ukuta wa ndani usiopigwa na upepo, gunia upande wa nyuma bila kuziba matundu, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa ubavuni usiku wa Julai vinatosha. Jiko la makaa lisikae chumba hicho, kwa usalama wako na wake.

Wanabaki siafu, ambao wakimfikia buibui anayejivua gamba hawamwachii kitu. Miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, kama ifanyiwavyo kabati la sukari. Makopo yaongezwe maji kila wiki wakati wa kiangazi, na meza isiguse ukuta wala pazia.