"Pistoni" Isiyo Pistoni

Mwanagenzi anayeiunda upya Mazda RX-7 ya mwaka 1978 kwa vipuri vilivyotawanyika hutegemea majina ya vipuri hivyo. Jina likipotoka, kazi nayo hupotoka. Ndiyo sababu twaona si sawa kukiita kiini cha injini hiyo "pistoni ya pembetatu".

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Katika injini aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel, na ambayo kampuni ya NSU iliitia katika gari la kuuzwa mwaka 1964, hamna silinda, wala valvu, wala mkono wa pistoni. Kuna kipande chenye ncha tatu kizungukacho ndani ya kasha; kikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu. Hicho na kiitwe rota.

"Injini ya mzunguko" nayo haitoshi, kwani hata krenki ya injini ya kawaida huzunguka. "Injini ya rota" yafafanua zaidi.

Utata mkubwa umo katika neno "sili". Injini ya 12A ina rota mbili, hivyo ncha sita, na kila ncha ina sili yake. Zipo pia sili za ubavuni na za kuzuia oili. Zote zikiitwa "sili" tu, mwanagenzi ataagiza asichokihitaji. Na ya ncha ikivuja, mgandamizo hupungua, hata injini ikakataa kuwaka.

Twapendekeza basi istilahi tatu: sili ya ncha, sili ya ubavu na sili ya oili. Yafaa ziingizwe pamoja katika orodha ya istilahi za ufundi wa magari.