Kifungo cha Nguo na Kifungo cha Maneno: Juu ya Kufasiri Nahau za Kiingereza

Mtu afasiriye kutoka Kiingereza hukutana mapema na neno 'button', naye akitazama kamusi hupata jibu lililo tayari: kifungo. Kwa fundi wa cherehani jibu hilo latosha. Kwa mfasiri wa nahau halitoshi, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini. Waingereza wamekifanya kitu hiki kidogo kuwa chombo cha kusemea akili na upumbavu, ukimya na udaku, saa na hasira. Nahau hizo zikihamishwa neno kwa neno, hutupa maneno ya Kiswahili yasiyo na maana ya Kiswahili, na pengine yenye maana ambayo mwandishi hakuikusudia kamwe. Nitadai kwamba lugha hizi mbili hazikutani katika jina kifungo, bali katika kitenzi funga. Nitadai pia kwamba pana mahali pamoja ambapo jina lenyewe, kwa utata wake, laweza kumfaa mfasiri kuliko neno la Kiingereza linavyomfaa mwandishi wa asili.

Hatuna budi kuanza na asili. Neno la Kiingereza limetokana na Kifaransa cha kale, ambamo lilikuwa na maana ya tumba la ua vilevile, nalo lina udugu na kitenzi cha kusukuma. Tumba ni kitu kinachochomoza. Kwa hiyo neno hili lataja umbo: kitu kidogo, cha mviringo, kilichojitokeza. Neno letu halitaji umbo, lataja kazi. Kifungo ni kitu cha kufungia, kama vile kishikizo, jina lake la pili, kilivyo kitu cha kushikizia. Tofauti hii ndiyo iliyoamua njia ya kila neno. Neno la umbo lilihamia kwa urahisi kwenye mashine, kwa kuwa kinachobonyezwa ukutani kilifanana na kilicho kwenye koti. Neno la kazi halikuweza kuhamia huko bila taabu, kwa kuwa kinachobonyezwa hakifungi kitu. Kiswahili kikapendelea kitufe, yaani tufe dogo. Lakini neno hilohilo la kazi lilihamia gerezani bila taabu yoyote. Mwenye kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 hafikirii shati lake.

Basi tuzitazame nahau zenyewe. Zipo zinazotegemea udogo wa kitu: tangu Zama za Kati Waingereza wamesema kwamba jambo fulani halina thamani ya kifungo. Hapa mfasiri hana shida, maana senti moja au chembe hufanya kazi ileile. Zipo zinazotegemea mng'ao. Mtoto mwerevu huambiwa kuwa aking'aa kama kifungo, na utamu wa msemo umo katika neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, kung'aa na kuwa na akili. Kwetu mng'avu si lazima awe mwerevu. Kifungo kikihamishwa, msikilizaji atadhani mtoto ameogeshwa vizuri. Afadhali kusema ana akili kama mchwa. Ndani ya msemo huo mna mdudu mahali pa shaba, lakini sifa imebaki palepale.

Zipo pia nahau za mashine, ambazo wengi huzichanganya na zile za nguo. Mtu anayejua kubonyeza vitufe vya mwenzake ni yule ajuaye kumtia hasira. Kiswahili hakikungoja umeme kulieleza jambo hili: husema anamtonesha donda. Usemi wetu umemzidi ule wa Kiingereza kwa huruma, kwa kuwa wakumbusha kwamba aguswaye ana maumivu ya zamani, wala si mashine.

Nahau iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kumshika mtu kifungo. Kitenzi 'buttonhole', chenye maana ya kumzuia mtu ili asikilize maneno asiyoyataka, kiligeuzwa katika karne ya 19 kutokana na usemi wa awali wa kushika kifungo. Husimuliwa kisa cha mshairi Coleridge, aliyemshika rafiki yake Charles Lamb kifungo cha koti, akafumba macho na kuanza kuhutubu. Lamb alikuwa na haraka. Akakikata kifungo kwa kisu, akaenda zake. Aliporudi baada ya saa nyingi alimkuta mwenziwe bado anasema, kifungo kikiwa mkononi. Kiwe kisa cha kweli au cha utani, chaonyesha kwamba mkono ule ni wa urafiki unaochosha. Sasa mfasiri atasemaje? Kiswahili kina kitenzi cha kushika nguo ya mtu penye shingo au kifua, nacho ni kukwida. Kwa macho vitendo hivi viwili vyakaribiana sana. Kwa maana viko mbalimbali, maana anayekwidwa atapigwa. Mfasiri akikitumia, atageuza baraza kuwa ugomvi. Afadhali amgande kama kupe, ingawa hapo atapoteza adabu ya nahau ya asili.

Tofauti hizi hazikutokea kwa bahati. Vazi la kale la pwani, kikoi, shuka na kanga, lilizungushwa mwilini na kuzuiwa kwa fundo, au kwa kutatiwa tu. Kwa hiyo nahau zetu za mavazi hutokana na nguo inayofungwa yenyewe. Ajitayarishaye kwa kazi nzito hujifunga kibwebwe. Asifiwaye kwa hila huvishwa kilemba cha ukoka. Kiingereza kimechukua kutoka koti lililoshonwa, Kiswahili kutoka kitambaa kilichofungwa.

Hapo ndipo kitenzi kinapoonyesha nguvu yake. Twafunga mlango, mzigo, ndoa, saumu na hata bao. Mwingereza akimwambia mtu akitie kifungo kinywa chake, sisi twamwambia tu afunge mdomo. Akimwita mtu msiri kuwa ni mwenye koti lililofungwa hadi shingoni, sisi twasema hafunguki. Siku atakaposema ya moyoni, twasema amefunguka. Picha ni ileile ila kifungo hakipo, wala hakikosekani. Mfasiri akikileta kwa nguvu, akamwita mtu huyo mwenye vifungo vingi, wasomaji watauliza ameiba nini.

Hata hivyo nisingependa kuacha kanuni ya kulikwepa jina kifungo kila mahali. Katika onyesho la mwisho la 'King Lear', tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1608, mfalme mzee, aliyembeba bintiye aliyekufa, aomba afunguliwe kifungo cha nguo, kisha akata roho. Wataalamu wamebishana kama kifungo kilikuwa cha nguo yake au cha bintiye. Kwa Kiingereza ni kitu kidogo kabisa, na udogo huo ndio unaoumiza. Lakini mwanzoni mwa onyesho lilelile mfalme na bintiye walipelekwa kifungoni, naye mzee alikubali kwa furaha ili akae naye. Kiingereza hakina neno la kuyaunganisha mambo haya mawili. Kiswahili kinalo. Msikilizaji wetu, akisikia ombi la kufunguliwa kifungo, atasikia nguo, atasikia gereza, na pengine atausikia mwili wenyewe ukiiachia roho. Mfasiri anayekimbilia kishikizo hapo, kwa kuogopa utata, atakuwa ameitupa zawadi ambayo lugha yake ilimwekea.

Kwa hiyo utata uleule uharibuo nahau waweza kuitajirisha tanzia. Kamusi itupayo kifungo peke yake haikosei, lakini haituambii ni lini tukitumie na ni lini tukiache. Kazi hiyo ni ya mfasiri, naye hataiweza asipokijua Kiswahili kwa kina kilekile alichojitahidi kukijulia Kiingereza.