Kupoza si Kupoa

Kwetu chakula baridi kina jina, na jina lenyewe si la heshima: kiporo. Kiporo huliwa asubuhi na chai, huliwa na mtoto anayewahi shule, huliwa na aliyechelewa kurudi; mgeni hapewi. Ukimwekea mtu wali uliopoa, hata kama ni wa nazi, atakuuliza kwa upole kama gesi imeisha. Ndiyo maana nilipoona kwa mara ya kwanza mtu mzima, mwenye jiko linalowaka, akipika tambi mchana kweupe kisha akasimama kuzipepea mpaka zipoe kabisa ndipo azile, nilidhani naona vibaya.

Ilikuwa Lindi, msimu wa ufuta. Nilikuwa karani wa mizani ghalani, kibarua cha miezi 3, na wanunuzi waliokuja kutazama mzigo walikuwa na mpishi wao kutoka Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan huko China. Sisi makarani tulimwita Mzee, naye akaitika. Saa 7 mchana, bati la ghala limeshika moto, Mzee hutoka na sinia la aluminiamu, lile la pilau ya harusi, akaliweka juu ya meza chini ya mkorosho, akamwaga tambi zinazofuka mvuke. Juu yake akanyunyiza mafuta kidogo. Kisha mkono mmoja unazinyanyua tambi kwa vijiti, juu, zaidi, ziachane hewani kama nywele zinazochanwa, na mkono wa pili unapepea. Kipepeo chenyewe kilikuwa cha ukili. Alikiazima kwa mama ntilie wa jirani, na sidhani kama alikirudisha.

"Shikamoo Mzee. Kwa nini usizimwagie maji baridi? Bomba si lile pale?"

Akatikisa kichwa bila kuacha kupepea. "Marahaba. Maji hapana. Maji ndani, ladha nje. Upepo."

Jibu hilo nimelitafuna miaka mingi kuliko tambi zenyewe.

Kiswahili kilikuwa kinaijua siri hiyo kabla yangu. Wali hupoa, hakuna aliyeupoza. Umesahauliwa mezani, joto limeondoka lenyewe bila kuaga. Kupoza ni kazi ya mtu. Tunapoza uji wa mtoto kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, tunapoza homa kwa kitambaa chenye maji, tunapoza moyo wa aliyeudhika kwa maneno machache yaliyochaguliwa. Kila mahali hapo pana mkono, na pana kujua wakati. Tambi za Mzee, ambazo kwao huitwa liangmian, yaani tambi baridi, hazikuwa kiporo kwa sababu hiyo tu: kiporo kimepoa, hizi zimepozwa.

Niliporudi Dar es Salaam nilijaribu peke yangu, na kwa haraka ya mjini. Nilichemsha tambi, nikazichuja, nikazitia kwenye bakuli na bakuli kwenye friji. Baada ya saa 2 nilitoa kitu kimoja cha duara, kimeshikamana toka juu mpaka chini, kigumu, chenye shimo katikati pale nilipochomeka uma. Ungeweza kukitia kichwani kama kata na kubebea ndoo ya maji. Kilichotokea si uchawi. Wanga uliolainishwa na maji ya moto unabaki juu ya tambi kama gundi. Ukiachwa upoe polepole, tambi zikiwa zimelaliana, gundi inakauka nazo zinakuwa mwili mmoja. Na wakati huo wote joto lililofungiwa ndani ya bakuli linaendelea kuzipika, hivyo za katikati zimevurugika na za juu zimekakamaa. Friji ilizipoozesha, nikisema hivyo. Haikuzipoza.

Watu wa mashariki ya Asia wametatua jambo hili kwa njia mbili. Wajapani na Wakorea hutumia maji. Tambi za soba, za unga wa bakwiti, hutolewa kwenye maji yanayochemka zikaoshwa kwenye maji baridi kwa kusuguliwa na viganja kama nguo, mpaka ule utelezi wa wanga uishe. Huko Pyongyang tambi za bakwiti huletwa zimezama kwenye supu iliyopozwa sana, na zilikuwa mlo wa kipupwe kabla hazijawa wa joto. Mwaka 2022 UNESCO iliiandika desturi hiyo kwenye orodha yake ya urithi wa wanadamu. Japani nako, joto likianza, migahawa hubandika karatasi dirishani kutangaza kwamba tambi baridi za mtindo wa Kichina zimeanza, kama sisi tunavyojua embe zimeingia sokoni kwa kuona matoroli. Sina ugomvi na maji. Kama tambi zinakwenda kwenye supu au zinachovywa, zioshe.

Lakini kama mchuzi ni mzito na unatakiwa ushike, Mzee alikuwa na haki. Tambi iliyooshwa inabeba maji, na maji hayo hushukia kwenye mchuzi yakauzimua. Ukifika nusu ya bakuli una kitu kama maji ya kuoshea sufuria. Upepo unafanya kinyume. Unauondoa unyevu badala ya kuuongeza, na mvuke unapoondoka huondoka na joto. Mafuta yale machache huingia kati ya tambi na tambi kabla gundi haijashika. Zikishapoa zinabaki kavu kwa nje, zinang'aa, kila moja na maisha yake, na mchuzi ukimwagwa hauna pa kuteleza.

Hapa kwetu pwani, hasa wakati wa kaskazi, hewa yenyewe imeshiba maji, kwa hiyo kupepea kunachukua muda. Dawa ni sinia pana. Nusu kilo ya tambi kwenye sinia moja ni rundo. Kwenye masinia 2 ni zulia. Na zitoe jikoni mapema kuliko moyo unavyokuambia. Kata moja kwa meno: ukiona nukta nyeupe katikati inakaribia kupotea lakini haijapotea, zima moto. Hiyo iliyobaki itamalizwa na joto la njiani, kati ya sufuria na sinia. Mimi hupepea robo saa. Majirani wameshazoea.

Tambi zipi? Ukipata za ngano za Kichina, zile za manjano zinazodunda kidogo, ni bora. Wengi hudhani umanjano huo ni wa yai. Mara nyingi ni magadi. Ndiyo, magadi, ndugu wa haya haya ya Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron hapa Tanzania. Bibi yangu aliyatia kwenye maharage ili yalainike upesi, na nilipoambiwa kwamba ndani ya unga wa ngano yanafanya kazi ya kukaza nilicheka. Ni kweli hata hivyo. Yanaukaza ule mnato wa ngano mpaka tambi inakuwa na mvuto, na yanaipa ngano rangi na harufu yake ya pekee. Ukikosa, tambi za kawaida za dukani zitakutosha, mradi ziwe nene kiasi. Zile nyembamba za kukaangia sukari na iliki za Idi ziache zibaki na Idi yake.

Sasa mchuzi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mama wa mchuzi huu ni rojo la ufuta. Kaanga ufuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, usiondoke. Ukianza kurukaruka na kunukia, chukua punje 2, zisage kati ya vidole. Zikivunjika zikawa vumbi lenye mafuta, epua. Zitwange zingali moto. Mwanzo unapata unga, halafu madonge, halafu kinu kinabadili sauti: mchi unaanza kunyonya. Ni mafuta yametoka. Blenda inafanya pia, na sitamcheka anayeitumia, ila haina sauti hiyo.

Chota vijiko 3 vya mezani vya rojo, tia kwenye bakuli, ongeza kijiko 1 cha maji ya vuguvugu, koroga. Litafanya ukaidi. Badala ya kulegea litakaza, litakuwa kama udongo wa mfinyanzi, litaking'ang'ania kijiko. Mtu mwenye haraka hapo huongeza mafuta, au hutupa. Ongeza kijiko cha pili cha maji, bado. Cha tatu, na mara linakubali: ukahawia unageuka kuwa rangi ya chai ya maziwa, linateleza, linashuka kutoka kijikoni kama utepe. Nimelifanya mara nyingi na bado nafurahi likigeuka. Hapo tu ndipo uingize soya sosi vijiko 3, siki vijiko 2, sukari kijiko 1, thomu punje 4 zilizotwangwa na maji kidogo, na mafuta ya pilipili kadiri ya ujasiri wako. Ukiuonja peke yake, mchuzi ukukunje uso kidogo. Chakula baridi hufanya ulimi kuwa mvivu, hasa wa kusikia utamu. Mchuzi unaopendeza kijikoni utapwaya kwenye tambi. Wapo wanaotumia siagi ya karanga badala ya ufuta. Si dhambi, ila hicho ni chakula kingine.

Kuna kiungo kimoja cha Sichuan ambacho sisi tunacho jamaa yake bila kujua. Wanaita huajiao; ni maganda madogo mekundu yanayotia ganzi ulimi na midomo, kisha yakaiacha imechangamka. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mjafari, huu huu wenye miiba ambao wazee wetu huchemsha kwa dawa. Sisemi ukachume mjafari utie kwenye chakula. Nasema tu nilipoijua nasaba hiyo nilijiona si mgeni tena mezani kwa Mzee. Choroko nazo tunazo: loweka usiku mmoja, weka kwenye kitambaa chenye unyevu gizani, baada ya siku 3 au 4 zimeota mikia myeupe. Zipitishe kwenye maji ya moto, zichuje, ndizo tandiko la chini. Juu, tambi, juu ya tambi, mchuzi, halafu tango lililokatwa vijiti na majani ya kitunguu. Kuku wa kuchambua akiwepo, karibu. Achanganye kila mlaji mwenyewe, kwa fujo.

Linalonikera ni ufuta. Lindi na Mtwara ni kitovu chake nchini, sehemu kubwa inauzwa nje, na China ni mteja mkubwa. Nimeupima kwa mikono yangu, gunia baada ya gunia, ukipakiwa kuelekea bandarini. Halafu hapa Dar es Salaam naingia duka la vyakula vya Asia, naona rojo la ufuta kwenye chupa ndogo kutoka China, na bei ya chupa hiyo ingenirudisha Lindi kwa basi. Huenda punje zile ni wageni wangu wa mizani, wamekwenda, wamesagwa, wamerudi na lebo. Niliinunua mara 1. Sirudii.

Basi ukipita kusini msimu wa mnada, usirudi na korosho peke yake. Muulize mkulima kama ana ufuta uliobaki nyumbani, nunua kilo 2, upepete mwenyewe, ukaange mwenyewe. Sinia unalo. Kipepeo nacho unacho, kimening'inia pale karibu na jiko la mkaa; kifute majivu kwanza.