Lauren Bacall hakukuja Ruiki kupika tu

Kila mara watu wa Kisangani wanapozungumuzia filme The African Queen, wanataja Humphrey Bogart, wanataja Katharine Hepburn, basi. Juu ya Lauren Bacall wanasema tu: "Alikuja kusindikiza bwana yake." Mimi sikubali.

Kweli, mwaka 1951 hakucheza hata dakika moja katika ile filme. Alifika Stanleyville pamoja na Bogart, wakachukua treni mpaka Ponthierville (leo Ubundu), kisha wakaingia porini Biondo, kwenye mto Ruiki. Kambi ilikuwa ya mianzi na majani ya mitende. Pale njo alipika, akahudumia wagonjwa, akavumilia siafu. Alikuwa na miaka 26, na mtoto wa miaka miwili alibaki Marekani.

Lakini huyu mpishi alikuwa nani? Tazameni To Have and Have Not, filme ya 1944. Alikuwa na miaka 19, anatetemeka mbele ya kamera mpaka akainamisha kidevu karibu na kifua ili kichwa kitulie, macho tu njo yakapanda kwa Bogart. Watu wakafikiri ni ufundi wa kutongoza. Kumbe ni woga! Na bado, sauti yake nzito, majibu yake bila haraka, vinamfanya Bogart, mwanaume mwenye jina kubwa, aonekane yeye njo anasubiri. Kwangu pale anamshinda.

Sasa jina. Alizaliwa New York 1924, Betty Joan Perske, wazazi Wayahudi, mama yake mzaliwa wa Romania. Bacall linatoka upande wa mama. Lauren alipewa na Howard Hawks, aliyemuingiza katika sinema. Katika kitabu chake By Myself cha 1978, anaeleza namna Hawks alisema vibaya juu ya Wayahudi mbele yake, naye akanyamaza, juu aliogopa kupoteza kazi. Haandiki kwa kujipamba, hatafuti huruma. Sisi ambao tangu 2023 tuliona mambo ya Wambole na Walengola yakiwaka mpaka Lubunga, tunajua uzito wa swali "wewe ni mtu wa wapi?" siku unapeleka dosie ya kazi. Zile kurasa zinanigusa kuliko hadithi zote za mapenzi yake na Bogart, ambazo kusema kweli ni nyingi mno.

Hata mto wetu ulifichwa jina. Katika filme, Ruiki inaitwa Ulanga, tuko 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na Waafrika wanaonyeshwa kanisani wakiimba ovyo ili watazamaji wacheke. Bogart alipata Oscar yake kwa ile filme. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari, 1987.

Bacall alibaki mjane 1957. Sinema ikampa kazi kidogo kidogo, yeye akaenda kwenye tamasha la jukwaani: Applause ikamletea Tony 1970, Woman of the Year ikamletea ingine 1981. Oscar ya heshima ilichelewa mpaka 2009, miaka mitano mbele ya kifo chake. Mwenye kutaka kumjua aanze na filme ya 1944. The African Queen inaweza kungoja.