Nani Amuue Legree? Filamu Mbili Bubu za Uncle Tom's Cabin

Waalimu wetu wa fasihi wametuzoesha kuuliza swali moja kila tunaposoma kazi inayohusu ukandamizaji: ni nani anayeleta ukombozi, na anauleta kwa njia gani? Kwa swali hilo tumemsulubu marehemu Mbotela mwaka hadi mwaka, kwamba katika Uhuru wa Watumwa (1934) alimkabidhi Mwingereza kazi yote ya kufungua minyororo, mtumwa mwenyewe akabaki kushukuru tu. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Ila swali hilohilo tunalisahau tunapofika mbele ya filamu. Hapo ghafla tunaanza kusifia taa, mavazi na kamera, kana kwamba filamu haina itikadi.

Nasema hivi kwa sababu ya semina moja. Mwenzetu mmoja alitoa mada juu ya filamu bubu zilizotokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, akajenga hoja kwamba zinaonyesha safari ya kupanda ngazi. Mwanzoni Tom aliigizwa na mzungu aliyejipaka masizi, kisha akaigizwa na mzee mweusi wa jukwaani, na mwishowe, mwaka 1927, tukapata mwigizaji mweusi mwenye heshima zake katika filamu ya fedha nyingi. Aliieleza vizuri, akapigiwa makofi, na mimi nilipiga. Baadaye nikazitazama mwenyewe, ya 1914 na ya 1927, mfululizo katika usiku mmoja. Makofi yangu nikayajutia kidogo.

Nianze na yale tunayokubaliana. Riwaya ilitoka kama kitabu mwaka 1852, ikanunuliwa kwa wingi usio wa kawaida, na mara moja ikaporwa na majukwaa. Huko jukwaani ndiko Tom alikozeeshwa. Ukimsoma Stowe utakuta baba wa watoto wadogo, mwenye kifua kipana na nguvu za kazi. Ukienda kwenye maigizo utakuta kikongwe mwenye mvi aliyeinama mgongo. Sababu haihitaji digrii kuielewa. Mwanamume mweusi mwenye nguvu akiwa karibu na msichana mdogo wa kizungu, Eva, angewatia wasiwasi watazamaji wa wakati ule, lakini babu hamtishi mtu. Filamu ya Edwin S. Porter ya 1903 ililichukua igizo hilo jinsi lilivyo, picha kumi na nne za jukwaani, na Tom wake ni mzungu wa masizi. Hiyo naiacha.

Filamu ya 1914, iliyoongozwa na William Robert Daly, ndiyo iliyofanya jambo jipya: nafasi ya Tom ilipewa Sam Lucas. Huyu alizaliwa Ohio kabla utumwa haujakomeshwa Marekani, akatumia maisha yake kwenye vichekesho vya majukwaani, na tangu 1878 alikwishamwigiza Tom katika igizo zito, jambo ambalo Wamarekani weusi hawakuwa wakiruhusiwa. Alipofika mbele ya kamera alikuwa mzee wa kweli, si mzee wa unga kichwani. Kuna tukio ambalo Eva anaanguka mtoni na Tom anajirusha kumwokoa. Lucas alifariki Januari 1916, na inasimuliwa kwamba maji yale ya baridi ndiyo yaliyomwachia ugonjwa wa mapafu. Iwe kweli au hadithi, ukishaisikia huwezi tena kulitazama tukio lile kwa macho makavu.

Kwa upande wa fani, filamu hii si hodari. Kamera imesimama mbali kama mgeni asiyekaribishwa ndani, matukio yanarukwa, na asiyeijua riwaya atapotea njia baada ya dakika kumi. Waigizaji weupe wamepewa Eliza na George Harris, kwa kisingizio kilekile kwamba wahusika hao ni machotara. Haya yote mwenzetu wa semina aliyataja na alikuwa sahihi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo hakulitaja, nalo ni ububu wenyewe. Tom wa Stowe ni mtu wa maneno. Nguvu yake imo katika sala, nyimbo na Biblia, na kurasa kadhaa ni hotuba yake tu. Filamu bubu inamnyang'anya silaha hiyo. Maandishi ya kwenye skrini yanabeba sentensi moja mbili, basi. Kinachobaki ni mwili: mabega, mikono, namna ya kusimama mbele ya bwana. Kwa hiyo katika filamu bubu swali la nani anamwigiza Tom si swali la haki za waigizaji peke yake, ni swali la maudhui. Mwili wa mwigizaji ndio hoja. Lucas anaposimama mbele ya kamera, hata pale anapoigiza unyenyekevu wa jukwaani uliochosha, bado unaona mtu aliyeishi katika nchi yenye soko la watu. Hakuna maandishi ya skrini yanayoweza kulisema hilo.

Kwa kipimo hichohicho, James B. Lowe wa 1927 anastahili sifa, na nisingependa mtu aseme nimemnyima. Lowe anamrudisha Tom wa riwaya: mtu mzima imara, mume, baba. Haviringishi macho, hajikunji, hatabasamu ovyo. Anapomtazama Legree anamtazama sawasawa, na kamera, ambayo sasa imejifunza kusogea karibu, inatupa uso wake bila haraka. Nafasi hiyo kwanza alikuwa amepewa Charles Gilpin, aliyepata jina kwa The Emperor Jones ya Eugene O'Neill mwaka 1920, akaondoka. Inasemwa hakukubaliana na namna Tom alivyotakiwa kusawiriwa. Lowe akaingia, na kampuni ya Universal ikampeleka mpaka Uingereza kuitangaza filamu. Kwa mwigizaji mweusi wa miaka ile si mchezo.

Lakini hebu tuhesabu filamu hiyo ni ya nani. Gharama zake zilikaribia dola milioni mbili. Mwongozaji ni Harry Pollard, na huyu bwana mwaka 1913 alikuwa amemwigiza Tom yeye mwenyewe, uso umepakwa masizi, huku mkewe Margarita Fischer akiwa Topsy, naye kwa masizi. Miaka kumi na minne baadaye masizi yamefutwa: bwana yuko nyuma ya kamera na bibi amekuwa Eliza. Na filamu ikawa ya Eliza. Inaanza na harusi yake, inamfuata juu ya mabarafu ya mto kwa kishindo kinachomkumbusha mtu Way Down East ya Griffith (1920), na tofauti na riwaya, ambamo Eliza anavuka na kufika salama Kanada, hapa anakamatwa, anauzwa, anafikishwa mpaka shambani kwa Legree. Kwa nini? Ili mateso ya shamba lile yamfike mwanamke ambaye macho ya mtazamaji yanamwona mweupe. Tom anateswa pia, naam, lakini kamera inapotaka tulie inakwenda kwa bibi Fischer. Topsy naye kapewa Mona Ray, mzungu wa masizi kama zamani. Yaani katika filamu moja heshima ya Lowe na dhihaka ya Topsy zinapita mlango mmoja, tena bila kugongana. Hizo ndizo ngazi tulizoambiwa zinapanda.

Mwanzo wa filamu unatoa siri zaidi. Watazamaji wa Kusini walikuwa wateja, na mteja haudhiwi. Kwa hiyo maandishi ya skrini yanatuambia mapema kwamba upole wa akina Shelby kwa watumwa wao ndio uliokuwa kawaida ya Kusini. Kawaida! Stowe alimweka Shelby mpole mwanzoni kwa kusudi la kuonyesha kwamba upole wa bwana hauna maana, maana siku deni likiiva mpole huyohuyo anauza mtu. Pollard kaichukua kejeli hiyo akaigeuza cheti cha tabia njema.

Nakuja sasa kwa Legree, ndipo palipo na jina la makala yangu.

Katika riwaya, Legree haokolewi wala hauawi na mtu. Cassy na Emmeline wanajificha darini, na Cassy anajifunika shuka jeupe na kutembea usiku kama mzimu. Legree anaingiwa na hofu, anazama kwenye pombe, anakufa. Tusiipite haraka hila hiyo. Ni mwanamke mtumwa aliyeusoma ushirikina wa bwana wake akautumia kumbomoa. Wahenga wetu wangemtambua: ni Sungura huyo, mbele ya Simba.

Filamu ya 1914 inaiacha hila na kushika njia fupi. Legree anapigwa risasi na mtumwa mweusi. Hakuna mwujiza, hakuna jeshi, hakuna bwana mwema aliyefika saa ya mwisho. Mtu aliyepigwa anajibu. Tukio lenyewe ni la muda mfupi, limepigwa kwa ile kamera ya mbali isiyojua kusisimua, na huenda ndiyo maana wengi wanalipita. Mimi nilirudisha nyuma na kulitazama tena, nikidhani nimeona vibaya. Filamu ya kibiashara ya Marekani, mwaka 1914, inamwonyesha mweusi akimuua mwenye watumwa, na haimwiti shetani kwa kufanya hivyo.

Filamu ya 1927 inaitoa silaha mikononi mwake. Tom anapigwa hadi kufa kwa kukataa kusema wanawake wamejificha wapi. Kisha kivuli chake kinamtokea Legree, Legree anapambana na hewa, anaanguka dirishani na kufa. Nje, wanajeshi wa Kaskazini wanafika, maana Pollard ameisogeza hadithi hadi ndani ya vita, ambavyo riwaya ya 1852 isingeweza kuvijua. Kwa hiyo bwana anaangushwa na dhamiri yake, na watumwa wanakombolewa na askari wenye sare. Hila ya Cassy haikumwangusha, na ile risasi ya 1914 haipo. Rudi sasa kwa Mbotela, uniambie tofauti iko wapi.

Kati ya filamu hizi mbili kuna mwaka 1915, na katika mwaka huo kuna The Birth of a Nation ya Griffith. Filamu hiyo iliifundisha Marekani nzima kumwona mwanamume mweusi mwenye uwezo kuwa ni hatari ya kuwindwa, na maandamano ya NAACP hayakuizuia kujaza kumbi. Siwezi kuapa kwamba Pollard aliikumbuka alipokuwa akitengeneza mwisho wake. Naona tu kwamba George Siegmann, ambaye 1915 alipakwa rangi kuwa Silas Lynch, chotara mwovu, ndiye aliyepewa nafasi ya Legree mwaka 1927. Na naona kwamba baada ya 1915 mweusi mwenye bunduki kwenye skrini angesomwa kwa namna moja tu. Sharti la heshima ya Lowe, kwa maoni yangu, lilikuwa mikono mitupu. Walimruhusu kuwa mkubwa mradi afe.

Nimeulizwa kama sitendi dhuluma kuipendelea filamu mbovu kwa sababu ya tukio moja. Inawezekana. Yule Tom wa Lucas ni mpole kupita kiasi, na risasi hakuipiga yeye. Mwingine kaniambia kwamba hata kule 1914 muuaji ni mhusika mdogo, wa pembeni, na filamu haina la kusema juu yake baadaye. Hilo linaniuma kwa sababu ni kweli. Lakini pembeni ndiko kulikobaki nafasi, na mtu kaitumia. Filamu hiyo iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kitaifa, na wengi wanamtaja Lucas peke yake kama sababu. Mimi ningetaja na yule wa pembeni.

Semina ijayo, kama mashine itakuwa nzima na umeme haukukatika, naomba tuzioneshe zote mbili, tena kinyume cha tarehe: tuanze na ya 1927, watu wamsifie Lowe kwa haki yake, halafu bila mapumziko tuweke ya 1914. Mwenzangu aliyetoa mada nimeshamwambia akae kiti cha mbele.